Kiti cha Pili cha Ndege ya Murunga

Jumamosi moja ya mwaka 1988, Rispah alikuwa akipiga pasi bawa la kushoto la ndege wakati mumewe alipoingia bandani na kumwambia kwamba makaa yalikuwa mengi mno. Pasi ilikuwa ile nzito ya makaa, yenye jogoo mdogo wa chuma juu ya kifuniko. Kitambaa kilikuwa tetroni nyeupe, ile ile inayoshonewa mashati ya shule, na Rispah alikuwa ameinunua Kitale jora zima. Tetroni ukiipa joto la kiasi hujikaza juu ya mbavu za bawa mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Ukizidisha hutoboka, na kazi yote inakuwa matambara. Rispah alifungua pasi, akapunguza makaa kwa koleo, akaendelea.

"Hapo sasa ni sawa," mumewe alisema.

Jina lake lilikuwa Murunga, na alikuwa amezikwa mwezi wa nne nyuma ya nyumba yao, mbele ya ukoo mzima. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na watu walikuwa wakivunja mahindi. Shati lake lilikuwa likichuruzika maji. Rispah alipoona matone yanasogelea tetroni alikwenda jikoni akaleta karai, akaliweka sakafuni kando ya bawa. Murunga akaingia ndani ya karai akasimama humo. Tangu siku hiyo karai likawa lake, na binti zao wakatafutiwa beseni la plastiki la kuogea.

"Kipimo hiki hapa," alisema, akatoa mfukoni kitu cha mviringo chenye kioo na mshale. "Kimeingia maji kidogo."

Rispah alikipokea akakifuta kwa upindo wa leso.

Ndege ilikuwa ya viti viwili, ubavu kwa ubavu. Murunga aliagiza ramani zake kutoka Amerika mwaka 1984, baada ya kuona tangazo katika jarida kuukuu kwenye shamba kubwa la Kitale alikokuwa fundi wa mabomba ya kunyunyizia maji. Shamba lile lilipokatwakatwa na kugawanywa, alirudi kwao karibu na Kimilili na rundo la mabomba ya aluminiamu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyataka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mifupa ya ndege. Injini ilitoka kwenye Foksiwageni ya padri aliyekuwa amehamishwa. Propela aliichonga kwa mvule, na magurudumu yalikuwa ya wilbaro. Ramani zilisema rubani akae kushoto. Kiti cha kulia kilikuwa cha Rispah. Murunga alimpima nyonga kwa utepe wake wa ushonaji, akapima tena kwa sababu hakuamini, na Rispah akamtwanga kofi la mgongo. Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alimwahidi kwamba safari ya kwanza wangekwenda kuitazama Kitale kutoka juu, na mtaa ule walikokutana.

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha kimo, kile kinachomwambia rubani yuko juu kiasi gani. Siku hizo vita vya ng'ambo vilikuwa vimepoa, na vipande vya ndege zilizoanguka vilivushwa mto wa mpakani, pale Lwakhakha, pamoja na sabuni na maharagwe. Murunga alikwenda huko na mdogo wake, Wabwile. Wabwile alirudi peke yake. Alisema askari wa upande wa pili walimkamata kaka yake mtoni, kisha akaketi uani akalia. Alilia vizuri sana. Wanawake walimletea maji.

Sehemu hizi mtu akipotea, shamba lake haliguswi, maana huenda akarudi. Lakini akikosekana kabisa, ukoo unaweza kumzika bila mwili. Unakatwa mgomba, shina tupu, unavishwa shati la marehemu, unaviringishwa blanketi na kulazwa kaburini, na watu wanalia kama kawaida. Baada ya hapo yeye ni marehemu na mali yake inagawanywa. Wabwile hakuwa na subira ya kungoja. Aliitisha mazishi mwenyewe, akaenda mwenyewe kwenye migomba, na kwa haraka yake hakukata shina. Aling'oa chipukizi zima pamoja na mizizi. Wazee waliona. Mvua ilikuwa imetanda juu ya mlima, nyama ilikuwa jikoni, na hakuna aliyetaka kuanza kubishana juu ya mizizi. Walifukia, wakaenda kula.

Mgomba ulichipua kabla blanketi halijaoza. Ulipofika usawa wa kiuno, Murunga alirudi kazini.

Alimweleza mkewe yote siku ile ile ya kwanza, akiwa ndani ya karai lake, huku akichambua nati.

"Ni Wabwile. Alinipiga na spana yangu, ile kubwa, tukiwa katikati ya mto. Halafu akaniachilia niende na maji."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Si nilikuwa nimeshika kipimo na mikono yote miwili, Mama Nasimiyu. Sikutaka kiloe."

Rispah alipiga pasi mpaka mwisho wa bawa. Kuanzia hapo alimchukia shemeji yake kwa chuki safi, isiyochanganywa na kitu. Aliamka nayo, akapika nayo, akaenda nayo kanisani. Haikumkondesha hata kidogo. Ilimnawirisha, na wanawake wa kwaya wakamwuliza anajipaka mafuta gani.

Na sababu haikuwa mto peke yake. Matanga yalipokwisha tu, Wabwile alichukua shamba, lile la chini lenye chemchemi, akasema wasichana hawarithi. Alisema pia kwamba angemrithi Rispah. Rispah alikataa mbele ya watu, akitaja na sababu, yakiwemo meno ya shemeji huyo. Kwa hivyo Wabwile alimwachia jikoni na banda, basi, na hilo kwa muda.

"Hata ndege ni ya marehemu," alimwambia. "Kwa hivyo ni yangu. Imalize, shemeji, halafu mtafute pa kukaa."

Kila mshono alioutia Rispah ulikuwa ukimsogeza barabarani, na alijua. Alitaka kitu kimoja tu: shamba lirudi, ili binti zake wawili wawe na mahali pa kusimama na kusema hapa ndipo kwetu.

Walipeleka kesi kwa wazee. Naibu wa chifu aliketi kwenye kiti na wazee kwenye benchi, karibu na kaburi, mgomba ukiwapa kivuli kidogo. Nasimiyu, binti mkubwa, alimbebea baba yake karai. Murunga alisimama humo akaeleza habari ya mto na spana bila kutia chumvi. Naibu wa chifu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba marehemu hawezi kuwa shahidi katika kesi ya kifo chake mwenyewe, kwa kuwa ana upande.

"Rakini wewe si urizikwa?" aliuliza Mzee Makanda, mkubwa wa ukoo, kwa upole kabisa. "Hata sisi turikura."

"Nilizikwa, mzee. Lakini na mizizi."

"Hiyo ya mizizi turiona," Mzee Makanda alikubali.

Wazee walikwenda kando wakanong'onezana, wakarudi na uamuzi. Mazishi yale yaliagizwa na Wabwile. Kama Wabwile atasimama hapo, kwa miguu yake, kando ya mgomba huo, na kusema kwa mdomo wake alichofanya mtoni, basi watalifukua kaburi na shamba litarudi kwa Rispah na wasichana. La sivyo, aliyezikwa amezikwa.

Wabwile alikuwa amevaa koti la Murunga, lile la sufi, alilokabidhiwa siku ya kugawa mali. Alicheka akipangusa macho kwa mkono wa koti hilo.

"Nitasema," alisema. "Siku nikiskia kusema."

Rispah aliutazama mdomo ule mpaka kikao kikavunjika.

Jioni hiyo, kabla Murunga hajaondoka, Rispah alimwambia, "Hiyo ndege ikiisha, yeye atataka kupanda. Huyo hawezi kuona kitu akiache."

"Kiti ni chako," Murunga alisema.

"Najua ni changu. Mpe."

Ilimuuma kulisema, kuliko alivyotarajia, na alijishughulisha na taa ili mumewe asimwone uso. Kisha walipatana. Murunga angempeleka Wabwile juu na kumzungusha mpaka akubali kusema. Huko juu mtu hasikii la chini, hivyo Rispah angetandika kitambaa chekundu uwanjani, na Murunga akikiona angeshuka.

"Mimi nitaangalia kitambaa tu," Murunga alisema. "Sitashuka mpaka nikione."

"Utakiona."

Kazi ikaendelea mwaka ule na uliofuata. Murunga alikuja kila alasiri jua likiwa kali, kwa sababu alikuwa akisikia baridi, na aliondoka ng'ombe wakirudi. Utomvu wa mgomba ulimtoka vidoleni na kuacha madoa ya kahawia juu ya tetroni, madoa yasiyotoka kwa sabuni wala kwa jiki, lakini walipopaka vanishi yalifunikwa kiasi. Sailensa ya Foksiwageni ilikuwa nzito kupita vile ramani zilivyoruhusu, kwa hivyo Murunga aliiacha, na injini ilipojaribiwa kuku wa jirani hawakutaga wiki ile. Mgomba wa kaburini ulizaa mkungu mkubwa. Hakuna mtu wa ukoo aliyekubali kuula. Wabwile aliukata akaupeleka sokoni Kimilili, akarudi na redio.

Rispah ndiye aliyekwenda Kitale kununua waya na bolti, katika duka la Bashir, nyuma ya msikiti. Bashir alikuwa amemfahamu Murunga tangu siku za mabomba, na kila mara alimwekea bolti za chuma kisichoshika kutu.

"Na mzee hajambo?" alimwuliza Rispah safari ya mwisho.

"Hajambo. Ni maji tu hayamwishi."

"Nasikia alizikwa."

"Ndiyo. Lakini anakuja."

"Alhamdulillahi," Bashir alisema, akifunga bolti katika gazeti. "Mpe salamu zangu. Mwambie asizikaze sana hizi za bawa, zinakatika."

Jambo moja Rispah alilifanya bila kuambiwa na mtu. Ramani zilitaka mikanda miwili ya turubai yenye bizimu za chuma. Mkanda wa kushoto aliushona hivyo. Wa kulia aliukata kwenye ngozi mbichi ya ng'ombe, ile wanayofungia ngoma na mipini ya mashoka. Ngozi hiyo ikilowa inalegea na kufungika kwa urahisi, ikikauka inabana, na hapo hakuna kidole kinachoifungua. Aliuloweka ndani ya karai siku nzima, miguuni pa mumewe. Murunga aliutazama, akamtazama mkewe, akaendelea kupaka grisi.

Ilikuwa Januari ya 1990, mahindi yameshavunwa, walipoitoa ndege bandani. Wana wa Wabwile walikuwa wamefyeka mabua kwenye shamba la chini, na hapo ndipo palipokuwa uwanja. Watu walifika kutoka Kimilili wakaketi kingoni na miwa yao. Naibu wa chifu alikuja akidhani ataombwa kupanda kwanza, na alikuwa amevaa viatu kwa ajili hiyo. Wabwile alimpita bila kumsalimu. Alikuwa na koti la Murunga na kofia mpya.

"Mimi ndiyo mwenyewe," aliwaambia watu. "Wa kwanza kupanda ni mimi. Nani ataendesha?"

Rispah alimwonyesha kwa kidevu. Murunga alikuwa ameshaketi kushoto, matone yakidondoka chini ya kiti chake.

Wabwile alimtazama kaka yake. Tangu siku ya wazee alikuwa hamwogopi tena. Kesi ilikuwa imekwisha na yeye ndiye aliyeshinda. "Bado unachuruzika tu, bana," alisema.

"Bado."

"Sawa. Wewe ndiyo unaijua hii kitu. Nipeleke nione mpaka wa shamba yangu."

Akapanda, akaketi katika kiti kilichopimwa kwa nyonga za Rispah. Kilimwenea vizuri. Rispah aliupitisha mkanda wa ngozi kifuani pake na mapajani, ukiwa bado umelowa, akaufunga kwa fundo la ngoma.

"Kaza, shemeji," Wabwile alisema. "Sitaki kuanguka."

"Siwezi kukuacha uanguke," Rispah alimjibu, akaukaza.

Injini iliwaka, wanawake wakaziba watoto masikio, na ndege ikakimbia juu ya shamba ikirukaruka, ikainuka kabla ya kufika kwenye chemchemi. Ilipanda kuelekea Webuye ikawa ndogo, ikageuka, ikarudi kupitia upande wa mlima. Ilipopita mara ya kwanza Wabwile alikuwa akicheka na kuwapungia watu. Ilipopita mara ya pili alikuwa ameshika mkanda kwa mikono yote miwili akijaribu kuufungua, na jua lilikuwa limeshaukausha. Murunga alikuwa akimwambia kitu sikioni. Mara ya tatu mdomo wa Wabwile ulikuwa wazi na ukisema.

Haikuchukua muda hata wa kuchemsha chai. Kila mtu pale alijua anasema nini. Walimwona akitaja mto kwa kuonyesha upande wa Lwakhakha, walimwona akiinua ngumi na kuishusha jinsi mtu anavyopiga kwa spana, kisha akikunjua vidole kuonyesha alivyoachilia. Alisimulia hivyo mara nyingi, akiwainamia watu mmoja mmoja kila ndege ilipowapitia.

"Amesema," Rispah aliwaambia wazee. "Mmeona wenyewe."

Naibu wa chifu alijipangusa vumbi viatuni. "Mimi nasikia injini tu."

"Ni razima awe chini, mama," alisema Mzee Makanda. "Kando ya mgomba. Maneno ya huko juu ni ya huko juu. Mwite ashuke, tutamngoja."

Wazee walikwenda kuketi karibu na kaburi. Walikuwa wakweli, wangemsikiliza, na shamba lingerudi siku hiyo hiyo. Rispah alikwenda jikoni akatoa kitambaa chekundu sandukuni. Alikuja nacho mpaka katikati ya shamba, akainua uso. Ndege ilipita chini kabisa. Wabwile alikuwa akilia, na safari hii hakikuwa kile kilio chake cha uani. Kamasi zilikuwa zimevutwa na upepo mpaka masikioni, kofia mpya haipo, na macho yake yaliyapita macho ya Rispah yakaganda kwenye kitambaa.

Rispah aliona raha. Haina jina jingine. Ilimwanzia tumboni ikashuka miguuni, na miguu ikakataa kwenda. Alifikiri juu ya mumewe akielea mtoni na kipimo mfukoni, na juu ya redio iliyonunuliwa kwa mkungu wa kaburini, na ile raha ikazidi. Akakikunja kitambaa.

"Acha azunguke kidogo," alisema.

Wazee walingoja mpaka jua likaenda chini. Rispah alisema kesho, wakaenda zao. Kesho yake walirudi, akasema kesho. Siku iliyofuata walikuja wachache, na walikuwa na majembe, wakielekea mashambani kwao.

Ndege haikushuka. Bashir alipoulizwa, maana ndiye aliyeuza petroli, alisema tangi lilikuwa dogo lakini mafuta yalikuwa mazuri. Ikawa inapita Kimilili asubuhi, Bungoma mchana watu wakitoka kazini kula, na jioni inazunguka upande wa Kitale na kurudi. Jerop, mke wa Wabwile, mtu wa mlimani, alifunga ugali na mboga kwenye ncha ya mwanzi mrefu akasimama juu ya kichuguu, na Wabwile akajifunza kuudaka. Mwanzoni ulimwagika mwingi. Baadaye akawa hapotezi hata tonge.

Shamba lilibaki lilipokuwa. Rispah alipokwenda kwa naibu wa chifu, aliambiwa kwamba mwenye shamba yu hai, anaonekana kila siku na anakula, na mali ya mtu aliye hai haiguswi. Wana wa Wabwile walilima, wakapanda, wakavuna. Ndege ilikuwa imemalizika, kwa hivyo waliwaambia Rispah na wasichana wahame jikoni, wakawasaidia kubeba cherehani mpaka barabarani. Rispah alipanga chumba kimoja Kimilili, katika nyumba za mabati zilizopakana na kiwanja cha mpira, akawa anashona sare za shule.

Karai alilichukua. Alilitia maji alasiri ya kwanza katika chumba kipya, akalisogeza karibu na cherehani, na hakuna mtu aliyekuja kusimama ndani yake. Murunga alikuwa juu akingoja kitambaa. Hilo Rispah hakuwa amelifikiria. Alimkosa mumewe hapo, kwa mara ya pili, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Alilia kidogo. Kisha ndege ikapita, akatoka nje kumtazama Wabwile, akarudi ndani akiwa na nguvu za kushona.

Nasimiyu alikuwa darasa la sita ndege ilipopaa. Alimwomba mama yake kila mwaka.

"Mama, si utandike hicho kitu. Baba ashuke, na huyu aseme, sisi tupate mahali."

"Kesho," Rispah alikuwa akimjibu, na alipokuwa akilisema alikuwa akilimaanisha.

Mwaka 1992, nyumba zilipochomwa kandokando ya mlima, watu waliokimbilia Bungoma walipita chini ya ndege hiyo wakiwa na magodoro vichwani. Wengine waliinua macho, wakageuza mzigo upande wa pili wa kichwa, wakaendelea kutembea. Wabwile aliwasimulia nao, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1996 wazee kutoka Matulo walikuja kumposa Nasimiyu. Waliketi uani kwenye viti vya kuazima, katikati ya nguo za wapangaji zilizoanikwa. Mkubwa wao, mtu wa adabu sana, aliuliza baba wa msichana yuko wapi, na baba mdogo naye. Nasimiyu alinyoosha kidole juu, kwa kuwa ndege ilikuwa ikipita wakati huo. Wageni walivua kofia, wakazirudisha. Kisha yule mkubwa akauliza swali linalofuata, kama inavyotakiwa kuulizwa.

"Na boma la kwao ni wapi, mama? Tutakuja kumchukulia wapi?"

"Hapa," Rispah alisema.

Mzee yule aliitazama kamba ya nguo, akautazama mlango wa choo cha wapangaji wote, na kwa adabu yake akainamisha macho. Ndiyo iliyomuuma Nasimiyu, ile adabu. Aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa na kitambaa chekundu mkononi, akavuka kiwanja cha mpira mpaka katikati, akakitandika juu ya nyasi na kukiwekea mawe pembeni.

Ndege ilikuwa juu ya soko. Murunga aliiinamisha pua mara moja, kama mtu aliyekuwa amekiangalia kiwanja hicho miaka yote. Injini ilipunguza ngurumo. Rispah alifika pale na mwiko bado mkononi, akasimama kando ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimwona mumewe kwa karibu. Alikuwa amekauka. Shati lilikuwa limekauka, nywele zimekauka, na alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa akitazama kitambaa. Pembeni yake Wabwile alikuwa ameacha kusema. Alikuwa mwembamba, ndevu zimefika kwenye mkanda, na usoni pake kulikuwa kumeanza kuingia tumaini. Lilimwanzia machoni, likashuka mdomoni, na mdomo ukaanza kufanana tena na ule wa siku ya wazee.

Rispah aliinama, akatupa jiwe moja, akatupa la pili, akakiokota kitambaa.

Magurudumu ya wilbaro yalikuwa yamebakiza kidogo kugusa nyasi. Ndege ilisita, kisha ikainua pua ikapita juu ya milingoti ya goli.

"Lilikuwa shamba letu, Mama," Nasimiyu alisema.

"Najua."

"Walikuwa wameshafika chini."

"Nimeona." Rispah alikikunja kitambaa, akakitia kwapani. "Twende, wageni hawajapata chai."

Walirudi uani pamoja. Ng'ambo ya bonde wana wa Wabwile walikuwa wakipalilia mahindi, safu kwa safu, mahindi mazuri ya mwaka ule. Injini ilinguruma tena kuelekea mlimani, na Wabwile akaanza kusimulia upya, tangu walipoingia mtoni.